Ubao wa Kuoza

Siku ya kwanza Nahodha Alton Pinder alinipa nyundo
kwa sababu nilikataa chambo.
Chambo chao ni miguu ya nguruwe, hufika kwa maboksi,
nami, niliyesomeshwa chuoni kwa Maalim Rehani,
nilirudi nyuma hatua tatu.
Alicheka, hakuuliza. "Basi wewe utagongelea."

Hivyo nikawa fundi wa madema
hapa Marathon, Florida, nyuma ya ghala la barafu,
ambako jua ni lile lile la kwetu, ila halijui salamu.
Dema lao ni sanduku la plastiki, sakafu yake zege,
na ubavuni limeachiwa nafasi
ya ubao wa msonobari, mwembamba, usiotiwa dawa.
Sheria inataka uoze.

Nilidhani ni ubahili.
Baba yangu alichonga milango. Kwake ubao unaooza
ni aibu inayozunguka mjini na jina la fundi.
Kwa hiyo wiki ile, bila kumwambia mtu,
nikaokota mabaki ya mbao za gati, nzito, zilizoshiba dawa,
nikayagongelea madema arobaini
kwa misumari isiyoshika kutu.
Nikaketi. Nikanywa chai, nikajiona.

Kaa wa huku hauawi.
Nilipoanza kupanda boti nilionyeshwa:
unampima gando kwa kipimo cha shaba,
likitosha unalivunja kwenye kiungo, taratibu,
kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto,
kisha unamrudisha majini akaoteshe jingine.
Kwetu husema kaa akiinua gando, mambo yamekatika.
Huku gando ndilo hukatika, mambo yakaendelea.
Na kaa, kwa lugha yangu, ni mnyama na ni amri.
Nilimwambia kila mmoja akizama: kaa.
Alton akadhani naomba dua.

Novemba kikaja kimbunga.
Madema mia mbili na themanini yalikwenda na maji,
na katika yangu arobaini, thelathini na manne.

Mwaka ukapinduka. Yadira Ocampo,
mzamiaji anayelipwa kutafuta mitego iliyopotea,
akaleta mawili, akayabwaga gatini.
La kwanza halikuwa langu. Ubao umekwisha,
pamebaki tundu la ukubwa wa daftari,
sifongo imeota pembeni, rangi ya manjano ya pilau,
na alipolikuta, alisema, kaa mmoja alikuwa akitoka
bila haraka, kama mtu atokaye dukani:
gando moja la kutisha,
jingine dogo, jipya, kama ganda la choroko.

La pili nililijua kwa misumari.
Ilikuwa inang'aa.
Ndani, magamba juu ya magamba.
Aliyeingia kufuata mguu wa nguruwe alikufa njaa,
akawa chambo cha aliyefuata,
naye akawa chambo.
Miezi kumi na minne dema limevua
na hakuna aliyekula.

Alton aliinama, akapapasa ule ubao,
akaugonga kwa kidole. Mzima kabisa.
"Kazi nzuri," akasema,
akaenda kuosha boti.

Sikulala. Nilikumbuka ndoa yangu ya kwanza,
jinsi ilivyojengwa na watu waliojua kazi,
kila kona imekazwa, hakuna pa kuozea.

Siku hizi duka la mbao wananifahamu.
Naomba ubao mbovu kuliko yote,
wenye fundo, wenye doa, ule ambao mchwa ameuonja;
muuzaji bado anadhani natania.
Naubonyeza kwa kucha. Ukikubali alama, naununua.
Baba angeuficha uso.

Yadira ameyapata matano ya kwangu.
Hesabu ni rahisi, naifanya kila asubuhi nikishika nyundo:
ishirini na tisa bado yako chini,
imara, hayana hitilafu,
yanafanya kazi.